Siku Baba Mkwe Alipoosha Kifaru Changu

Jumanne moja saa sita mchana, mwanajeshi mstaafu ambaye sikuwahi kumwona maishani aliingia chumbani kwangu Bukoto, mjini Kampala, akavua koti, akaomba beseni, akaanza kuosha kifaru changu.

Si yule mnyama wa mbugani. Nasema kifaru cha vita, kile chenye mzinga.

Na mwanajeshi huyo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kama mimi nitaolewa au nitarudi kwetu na mabegi yangu.

Ngoja nianze vizuri, maana nikikumbuka bado nacheka peke yangu.

Naitwa Moreen. Ni Mkenya wa Kitale, na Kampala huu ni mwaka wangu wa sita. Kazi yangu ni ya saluni. Naosha miguu ya watu, nasugua visigino, napaka kucha rangi.

Nje ya kazi nina ugonjwa mmoja. Naunda vifaru vya plastiki.

Vinakuja kwenye boksi, vipande mia mbili na ushee, vyote vimeshikana kwenye fremu. Unakata, unasugua, unagundisha, mpaka kitu cha urefu wa kiatu kinasimama mezani. Vya kwangu ni vya kubuni, vya miaka mia tatu ijayo, vya kupigania sayari ambazo hazijapewa hata jina. Dada yangu Rosebella yuko Doha, na kila akija likizo ananiletea boksi moja badala ya manukato. Mama yetu alishakata tamaa na sisi wote wawili.

Saluni nayo imenisaidia sana. Kile kikoleo cha kukatia ngozi za pembeni mwa kucha kinakata plastiki safi kabisa. Tupa za kucha zinalainisha maungio. Vifuniko vya chupa za rangi vinageuka mabomba ya moshi.

Karatasi ya maelekezo mimi huiangalia mara moja tu, kwa heshima. Hiki ninachosimulia nilikiongezea mzinga wa pili kwa bomba la kalamu, na mnara wake nikaupandisha kwa kifuniko cha lipstiki. Nikakiita Shangazi, kwa sababu ni kipana, kina mdomo mrefu, na hakimpishi mtu njia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye maumivu.

Utamu wa kazi hii uko mwisho, kwenye uchafu. Kifaru kipya kinang'aa, kinaonekana kitoto. Lazima ukichafue ndipo kiwe kifaru kweli. Kwa wiki tatu nilipepeta udongo mwekundu wa Bukoto kwa stokingi kuukuu, nikauchanganya na gundi ya maji, nikaudondosha tone kwa tone. Kutu niliiweka kwa sifongo, kidogo kidogo, huku nimeshika pumzi. Ilibaki kupaka vanishi tu ya kushikilia kila kitu.

Wiki hiyohiyo, Okwir akaniambia baba yake anakuja kuniona.

Okwir ndiye mchumba wangu. Ni msimamizi wa walinzi kwenye jengo moja la mjini, kijana mpole, ila ana ulimi wa kupamba mambo.

"Baba anakuja Alhamisi," akasema. "Moreen, banange, tafadhali, ficha hivyo vifaru vyako."

"Kwa nini?"

"Baba alikuwa dereva wa kifaru jeshini. Kiliwaka moto akiwa ndani. Ana kovu mkono mzima. Nyumbani kwetu hatutaji hiyo kitu, hata kwenye televisheni ikitokea tunazima."

Nikamhurumia kweli. Nikasema nitavifungia kabatini vyote.

"Na kitu kingine," akaongeza, macho chini. "Nimewaambia wewe ni meneja kwenye kampuni ya vipodozi."

"Okwir! Mimi?"

"Nilitaka wakuheshimu. Lakini usije ukateleza, maana mzee anachukia uongo kupita kiasi. Mchumba wa kaka yangu alijiita nesi. Mzee akagundua anauza tu kwenye duka la dawa. Palepale akasimama, akachukua kofia yake, ndoa ikaishia hapo."

Nilimkasirikia Okwir siku mbili nzima. Lakini nilinyamaza, kwa sababu nampenda, na nilikuwa naogopa ile kofia.

Basi, Jumanne ni siku yangu ya mapumziko. Nimekaa sakafuni na fulana iliyotoboka, Shangazi yuko mezani anakauka, mlango uko wazi hewa iingie. Mara kivuli kikafunika mlango.

Mzee mrefu, mwembamba, kofia mkononi, viatu vinang'aa mpaka unajiona ndani yake.

"Wewe ndiyo Moreen?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ni Ojera. Baba ya Okwir."

"Baba! Lakini Okwir alisema Alhamisi..."

"Ukaguzi hapana tangaza siku," akasema. "Ukitangaza, watu wanapanga vitu."

Nikapiga magoti kusalimia, kama Okwir alivyonifundisha. Sisi kwetu Kitale tunasalimia wima, kwa hiyo nilikuwa sijazoea, na nilitua juu ya kikoleo changu. Nikasalimia huku machozi yananilengalenga. Sijui mzee alifikiri ni heshima ya namna gani ile.

Nilipoinua kichwa, hakuwa ananiangalia tena. Alikuwa anaangalia meza.

Moyo wangu ukafanya paa! Nikawaza, nimemrudisha mzee wa watu ndani ya moto wake. Kwisha habari yangu.

Akasogea polepole, akaweka kofia yake mezani. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mzinga. Nikangoja alie, au apige kelele, au achukue kofia.

"Hii chombo iko chafu," akasema.

"Samahani, baba?"

"Nani naacha chombo namna hii? Leta maji. Leta sabuni. Iko mswaki ya zamani?"

Ndugu zangu, ningefanya nini? Ningemwambia nini mtu ambaye ameshika maisha yangu mkononi? Kwamba uchafu ule nimeupanga punje kwa punje? Nikaleta beseni. Nikaleta sabuni ya unga. Mswaki nilimpa ule ninaotumia kurashia vumbi.

Akavua koti, akakunja mikono ya shati. Kovu nikaliona, limepanda kutoka kiganjani hadi kiwiko. Akamshika Shangazi kwa upole kabisa, akamzamisha.

Maji yakawa mekundu.

Niliona wiki ya kwanza inaondoka. Ikafuata ya pili. Alipofika kwenye kutu ya nyuma nikageuka nikatazama ukuta, maana hata uvumilivu una kipimo chake.

"Halafu matope ulikuwa unaweka vibaya," akasema huku anasugua.

Nikageuka. "Baba ulijua kwamba niliyaweka mwenyewe?"

"Matope ya kweli hapana kaa huku juu ya mnara. Huku ni vumbi na mafuta tu. Matope nakaa hapa, nyuma ya magurudumu, najibana mpaka nakuwa jiwe. Na hapa, mahali wanapanda, viatu yao inaleta. Na majani. Majani marefu najifunga kwenye hizi gurudumu, unakata na kisu, saa mbili, tatu."

Uso wake ulikuwa umefunguka. Alikuwa anaongea na yule Shangazi zaidi ya mimi. Nikasahau uoga, nikachukua daftari, nikaanza kuandika. Hakuna mtu aliyewahi kuzungumza nami hivi kuhusu vifaru vyangu. Watu wote huniuliza nitazaa lini.

Kwa furaha hiyo, mdomo ukaniponza.

"Baba, na dereva? Nataka kumtengenezea nafasi yake vizuri. Usukani wake ulikuwaje?"

Mswaki ukasimama.

"Usukani ni usukani," akasema. "Wa duara. Kama ya lori."

Nikaweka kalamu chini.

Mimi si mwanajeshi, lakini mtu anayeunda vifaru anasoma. Vifaru vya zamani, vya enzi za mzee, havina usukani wa duara. Dereva anashika fimbo mbili, moja kila mkono, anavuta ya kushoto kwenda kushoto. Mtu aliyeendesha hata siku moja hawezi kusahau.

Nikajifanya nasoma daftari. Lakini uso wangu haujui kuficha kitu, na mzee alikuwa amekuja kukagua.

Akaniangalia usoni.

"Wewe unajua," akasema.

"Najua nini, baba?"

Akamweka Shangazi juu ya taulo. Akakaa kwenye stuli yangu, mikono inachuruzika maji.

"Mimi hapana endesha," akasema. "Hata siku moja. Hata ndani sijaingia. Mimi nilikuwa naosha. Miaka kumi na tisa, naosha. Zikirudi, ni mimi na pipa na burashi."

"Na kovu?"

"Pipa ya maji moto. Lilipinduka."

Nikakaa chini kabisa.

Akanieleza. Alipokwenda kumposa mama yake Okwir, kaka mkubwa wa mzee ndiye aliyeongea mbele ya wakwe. Akawaambia, huyu mdogo wangu ni dereva wa kifaru. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Yeye akaona aibu kumkatiza mkubwa wake. Akanyamaza. Kovu lilipokuja, kaka akalitungia moto. Akanyamaza tena. Watoto wakazaliwa ndani ya hadithi hiyo. Ndiyo maana hataki mtu ataje vifaru mbele yake, asije mtu akauliza habari za usukani.

"Uongo sikusema," akasema. "Nilinyamaza tu. Lakini umekaa na mimi miaka thelathini na mbili. Ndiyo maana nikisikia uongo ya mtu mwingine, nachukua kofia. Naogopa, binti yangu."

Nilimwonea huruma. Na palepale nikajua siwezi kukaa mbele ya mtu huyu na umeneja wangu.

"Baba, mimi si meneja," nikasema. "Okwir alisema, mimi nikanyamaza. Mimi naosha miguu ya watu saluni."

Nikaangalia kofia yake mezani. Mkono wake ukaenda pale, ukaishika, ukaizungusha.

"Unaosha miguu," akasema.

"Kila siku, baba. Mingine ina matope kuliko Shangazi."

Akacheka. Si kicheko kikubwa, mabega tu yalitikisika. Kisha akasimama, akavaa kofia.

"Leo sitoi jibu," akasema. "Mtu mchafu hapana kagua mwenzake. Jumapili kuja Luzira, kwa binti yangu Amony. Mama yao atakuwa pale. Wewe utasema yako, mimi nitasema yangu. Baada ya hapo ndiyo nitajibu."

Ndugu zangu, siku tano zile sikula vizuri. Nilijiuliza, je, mimi nikisema yangu halafu yeye akanyamaza? Amenyamaza miaka thelathini na mbili, ashindwe siku moja zaidi? Nitabaki mimi peke yangu ndiye mwongo wa familia.

Okwir nilimwambia tu kwamba mzee ameshajua kuhusu saluni. Akakaa kitandani, akashika kichwa. La mzee sikumgusia, halikuwa langu.

Jumapili tukaenda Luzira. Wifi yangu Amony, mume wake ni askari magereza, wanakaa kwenye nyumba za serikali. Kuku yuko mezani, mchicha wa simsim, yaani ufuta, uko mezani, na mama yake Okwir ameketi kwenye kochi, mfupi, mtulivu, anamenya karanga.

Tulipomaliza kula nikapiga magoti. Mara hii sikutua juu ya kitu.

"Mama, mliambiwa mimi ni meneja. Si kweli. Kazi yangu ni kuosha miguu na kupaka kucha."

Amony akaacha kutafuna. Okwir alikuwa anatazama dari kama fundi anayetafuta bati linalovuja. Mimi nilikuwa namtazama mtu mmoja tu.

Mzee Ojera hakusema kitu.

Nikahesabu pumzi zangu. Moja. Mbili. Nikafika tisa. Nikaona ndoa yangu inapanda boda inaondoka.

Ndipo akasimama, wima, mikono ubavuni, kama yuko mbele ya mkubwa wake.

"Mama Okwir," akasema. "Mimi sikuendesha kifaru. Nilikuwa naosha. Kutoka siku ile ya kwanza kwenu, mpaka leo."

Okwir alishuka kutoka darini mara moja. Amony akasema "Baba?" kisha akaziba mdomo.

Mama hata hakuinua macho. Akamenya karanga nyingine, akaiweka bakulini.

"Ojera," akasema, "nani anafua nguo zako?"

"Wewe."

"Wanawake wenzangu kambini walikuwa wanalalamika. Waume wao madereva, nguo zinanuka dizeli, zinanuka grisi, hazitakati. Za kwako zilikuwa zinanuka sabuni. Tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Dereva gani huyo anayerudi nyumbani ananuka sabuni?"

Mzee akamgeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uchoke." Ndipo akamwangalia. "Mwanaume anayerudi safi kila jioni, ningelalamika nini? Keti, bado kuna karanga za kumenya."

Mzee akaketi. Akalia, tena bila kujificha, na mama akamsogezea kitambaa bila kuacha kazi yake. Mimi nililia pia. Okwir alilia zaidi yetu sote, nafikiri kwa sababu ya hofu ya mimi kumwacha.

Baadaye mzee akapangusa uso, akanigeukia.

"Ukaguzi umeisha," akasema. "Nakubali."

Tulifunga ndoa mwezi wa nane. Shangazi nilimchafua upya, na mzee alikaa pembeni yangu siku tatu mfululizo akiniambia matope yanakaa wapi. Kusimulia haya ameniruhusu mwenyewe, kwa sharti niandike kwamba katika miaka kumi na tisa hakuna kifaru hata kimoja kilichotoka mikononi mwake kikiwa kichafu. Nimeandika.

Mimi si mshauri wa ndoa. Lakini kama una kazi ya halali na unaificha kwa aibu, na umejiaminisha kwamba nyumbani hawajui, kumbuka kuna mtu anafua nguo zako. Mwambie mwenyewe. Inawezekana amechoka kungoja kuliko wewe ulivyochoka kuficha.