Mama Alipopaka Rangi Juu ya Mafuriko

Saa moja asubuhi, kijana wa kike aliyevaa ovaroli yenye madoa ya kila rangi amepiga magoti mbele ya ukuta mweupe wa jirani yake. Ana brashi mkononi na anachora mstari wa buluu. Mwenye nyumba amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Amenuna. Ukuta huo aliupaka chokaa mwezi uliopita kwa jasho lake, na sasa unaharibiwa mchana kweupe na mtu ambaye riziki yake ni kupendezesha kuta za watu.

Si yeye wa kwanza kununa. Jana jirani mwingine alijifanya hayupo, huku redio yake ikisikika hadi barabarani. Ilibidi abembelezwe kupitia dirishani.

"Nimechoka kueleza," anasema fundi huyo bila kuinua macho. "Kila nyumba ni hotuba. Nikimaliza hotuba naulizwa, sasa wewe binti, uko upande wetu au upande wa mto?"

Mtaani wanamwita Brashi. Ana miaka ishirini na saba, anapaka rangi nyumba za watu ili ale, na kwa miaka mitatu sasa amekuwa msemaji wa kikundi cha vijana wanaodai fidia ya hasara na uharibifu uliotokana na mabadiliko ya tabianchi. Kazi ya kwanza inamlipa kidogo. Ya pili haimlipi kabisa, na ndiyo inayomkondesha.

Mto ulipopanda miaka mitatu iliyopita, uliondoka na safu mbili za nyumba pamoja na ardhi yake. Nyumba zilizosalia zilibaki na alama ya kahawia ukutani, pale maji yalipoishia. Nyumba ya mama yake Brashi ilikuwa katikati ya mtaa. Leo ndiyo ya mwisho, na haijahama hata kidogo. Kutoka dirisha la jikoni hadi ukingoni ni hatua za kuhesabu, na mvua nyingine zimekaribia.

Wanachodai vijana hao si kigumu kueleweka. Wanataka nyumba za ukingoni zihamishiwe mlimani kabla mto haujarudi, na gharama itoke kwenye mfuko ambao nchi tajiri zimeahidi kuuchangia.

"Sisi hapa hatuna hata kiwanda cha viberiti," anasema Brashi. "Moshi ni wa wengine, maji yameingia kwetu. Hatuombi sadaka. Tunataka walioharibu wasaidie kutengeneza, basi."

Maneno hayo ameyasema kwenye kumbi nyingi kiasi kwamba hazitofautishi tena. Zote zina baridi ya kiyoyozi, chupa ndogo za maji, na mtu wa kumkumbusha kwamba muda umekwisha. Mara nyingi huombwa asimulie usiku wa mafuriko, ikiwezekana kwa ufupi. Akisimulia, watu wanasikitika, wanapiga picha naye, wanampa mkoba wa kitambaa na kofia. Nyumbani kwa mama yake mikoba hiyo inahifadhia vitunguu.

Ndiyo maana mfuko mmoja wa fidia ulipokubali kuleta wakaguzi wajionee wenyewe, Brashi alishindwa kula siku nzima. Alipita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba wageni wanakuja kuutazama mtaa. Kisha akaenda kumalizia kazi ya kupaka rangi mji wa jirani, akarudi asubuhi ya ukaguzi akiwa ndani ya gari la wageni.

Alichokikuta hajakisahau. Akina mama walikuwa wamefagia hadi vichochoro. Mashimo yalikuwa yamefukiwa kwa kifusi, ufa mkubwa wa zahanati umezibwa kwa vyungu vya maua, na kuta zote zilikuwa nyeupe pepepe. Njia ya kwenda kwenye safu zilizopotea ilikuwa imefungwa kwa matawi, kwa nia njema kabisa, ili mgeni asije akateleza akaumia.

Nyumba iliyong'aa kuliko zote ilikuwa ya mama yake. Alikuwa ameipaka kwa ndoo ya rangi ambayo Brashi mwenyewe aliiacha uani.

"Nilitaka ardhi inimeze," anasema Brashi. "Miaka mitatu nawaambia watu njooni muone. Wamekuja, na mama yangu amefuta ushahidi kwa rangi yangu."

Mama mtu, mwanamke mpole anayeuza mkaa, mpaka leo haoni kosa lake liko wapi. Anasema aliambiwa kuna wageni, na mgeni anasafishiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna wageni wa kuonyeshwa uchafu.

"Watu wametoka mbali, waingie kwangu wakute ukuta una matope?" anauliza. "Uso wangu ningeuweka wapi?"

Wakaguzi walikunywa soda, wakakaa kwenye viti vilivyoazimwa, wakasifu usafi. Brashi aliwaburuta hadi kwenye matawi akawaonyesha mto upande wa pili. Waliona mto, nao ulikuwa umetulia kama maji ya beseni. Kiongozi wao, mzee mmoja mstaarabu, alimshika mkono akampongeza kwa jinsi mtaa ulivyojikwamua. Baada ya wiki chache jibu likaja kwamba msaada utaanza na maeneo ambayo bado hayajapata nafuu.

Kwa siku mbili Brashi hakuzungumza na mama yake. Siku ya tatu alipiga simu ofisi ya mfuko, akapigwa danadana kutoka meza hii hadi ile, mpaka akampata yule mzee. Mzee alikubali kurudi kwa ukaguzi wa pili, safari hii akiwa na mhandisi, lakini akataka aonyeshwe maji yalifika wapi. Kwa adabu kabisa akaongeza kwamba maneno matupu hayatatosha.

Tatizo likawa kwamba mtaa mzima hapakuwa na alama hata moja. Walikwangua rangi huku na kule, plasta ikatoka nayo. Alama ilipatikana mahali ambapo hakuna aliyefikiria, nyuma ya kabati la mama yake. Kabati ni zito, na mama alipokuwa akipaka alilizunguka tu. Walipolisogeza, mstari wa kahawia ulikuwa pale pale, usawa wa kifua.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya kifundi, kuuhamishia usawa huo kwenye kila ukuta wa mtaa. Brashi alimwita rafiki yake mwashi, aje na ule mpira mwembamba wa kupimia usawa, unaopitisha mwanga na kujazwa maji. Mmoja anashika ncha yake kwenye alama, mwingine anakwenda na ncha ya pili hadi ukuta unaofuata. Maji yakitulia kwenye ncha zote mbili, huo ndio usawa. Wanatia alama, wanachora, wanahamia nyumba nyingine. Siku ya kwanza hewa iliingia kwenye mpira bila wao kujua, mstari ukapanda kama unakwenda harusini, wakafuta na kuanza upya huku majirani wakiwacheka.

Leo wanamaliza. Kwenye nyumba za juu mstari unapita magotini. Kadiri mtaa unavyoshuka, unapanda hadi kiunoni, hadi kifuani. Kule ukingoni, mahali pa safu zilizopotea, wamesimamisha nguzo kwenye tope, na ili kuzichora Brashi amelazimika kupanda ngazi.

Umebaki ukuta mmoja tu, wa nje wa mama yake. Mama ameketi mbele yake akichambua mchicha, na haonekani kuwa na mpango wa kuondoka. Brashi anasimama na kopo la buluu, anasubiri. Hatimaye mama anabeba sinia lake na kusogea pembeni.

"Haya, chora," anasema. "Lakini unyooke. Nisije nikaaibishwa mara mbili."

Unanyooka. Mama anaukagua kwa jicho moja, kisha anageuka kuzitazama nguzo, anaanza kutaja waliokuwa wakiishi hapo, mmoja baada ya mwingine. Brashi anaweka kopo chini, anakwenda kukaa naye.

Wakaguzi wanarudi Alhamisi. Mama ameshauliza kama anaruhusiwa angalau kufagia uwanja.

"Fagia, mama. Ukuta usiuguse."

Ndoo ile ya rangi nyeupe bado ina kidogo, na Brashi ameifungia chumbani kwake.

"Siku mama akihamia mlimani, nitakuja kuufuta mstari huu mimi mwenyewe," anasema. "Kama nyumba itakuwa bado ipo."