Mwalimu Ulijuaje na Siku Sita za Maji

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri, lakini shuleni kwetu halikuwa na kazi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Ulijuaje, na siku moja hata mkuu wa shule aliteleza ulimi akamwita hivyo kikaoni. Hakukasirika. Aliuliza tu nani alianza, na lini.

Alifundisha historia. Mimi nafundisha jiografia na meza zetu zinagusana, kwa hiyo kwa miaka kumi na minne nimesikia kila alichowaambia wanafunzi wake, nitake nisitake. Kila ukurasa wa insha ulipigwa mstari wima: kushoto unaandika sentensi, kulia unaandika umeijuaje. Nani kakwambia? Alikuwepo, au na yeye kaambiwa? Aliyeandika kwamba zamani watu waliishi kwa amani alirudishiwa daftari na swali moja upande wa kulia: uliwauliza wangapi? Niliona anawatesa watoto wa watu na nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba milima haibishani na mtu, ndiyo maana mimi napata muda wa kusinzia.

Mumewe alikuwa fundi kwenye mtambo wa kusafisha maji, nyuma ya uwanja wetu wa mpira. Alifariki ghafla mwezi wa pili. Wiki haikuisha, mwalimu akarudi darasani, sauti ileile, mwandiko uleule.

“Sihisi kitu,” aliniambia asubuhi moja huku akipanga chaki. “Watu wananipa pole, nashukuru. Nikifika nyumbani nakaa kitandani na viatu vyangu. Ingekuwa huzuni ningeijua.”

Nikampa biskuti. Aliila yote bila kuonyesha kama ni tamu au chungu. Ikawa hivyo miezi minane, na mimi nikazoea, jambo ambalo silipendi kulikumbuka.

Muhula wa mwisho, kidato cha tatu huandika historia ya kitu kilicho karibu na shule, na alama zake zinaingia kwenye mtihani mkuu. Msichana mmoja tuliyemwita Mpole, kwa sababu hata akipiga chafya anaomba radhi, alichagua siku sita za maji mabaya. Miaka kumi na moja iliyopita mtambo ulipeleka maji bila dawa siku sita mfululizo. Mtaa mzima uliharisha, watoto wawili wakafa. Iliundwa kamati, ikanywa chai, ikavunjwa.

Mpole alifanya kazi ya maana. Alipata kadi za zahanati, akazungumza na mama wa mmoja wa watoto waliokufa, akamtafuta mlinzi mstaafu wa mtambo. Kisha, ukurasa wa nne, aliandika: Fundi aliyekuwa zamu hajulikani. Upande wa kulia palikuwa patupu.

Mwalimu alimwita ofisini wakati wa mapumziko. Tulikuwa watatu tu.

“Ulijuaje kwamba hajulikani?”

“Samahani, mwalimu.”

“Sijauliza samahani.”

Mpole alitazama sakafu. “Mlinzi alimtaja. Nikaona... mwalimu, umefiwa juzi tu.”

“Mlinzi peke yake hatoshi. Walikuwa hawapatani, anaweza kumsingizia. Bila shahidi wa pili sentensi haisimami.”

Nilidhani ameupata mlango wa kutokea, na kusema kweli nilifurahi. Angeufuta mstari ule, marehemu akapumzika, sisi tukanywa chai yetu. Badala yake aliichukua kalamu ya Mpole, akakata neno “hajulikani” na kuandika jina la mumewe, majina yote matatu. Upande wa kulia aliandika: Yeye mwenyewe alimwambia mkewe, jikoni, siku ya nne.

“Dawa iliisha stoo,” alisema. “Alitakiwa atoe taarifa na kufunga maji. Aliogopa kufokewa. Kila siku alijua gari la dawa litakuja kesho.”

Mpole alisoma. Nilisubiri aombe radhi tena, aende zake. Alifungua ukurasa mpya, akapiga mstari wima.

“Siku ya nne,” alisema taratibu. “Zilikuwa zimebaki mbili. Alipokwambia, mwalimu, wewe ulifanya nini?”

Nilisimama. “Wewe mtoto, huna adabu?”

“Mwache,” mwalimu alisema. “Ndivyo nilivyomfundisha.”

Nje kengele ililia na watoto wakaanza kukimbilia madarasani, lakini hakuna aliyesogea kati yetu.

“Nilimwambia asimwambie mtu mwingine,” mwalimu alisema. “Nikamuonea huruma, angefukuzwa kazi. Halafu nikaanza kuchemsha maji ya kwetu. Ya kunywa, ya kuoshea vyombo, hata ya kupigia mswaki. Jirani aliniuliza mbona mkaa unaisha upesi. Nikamwambia mgeni anakuja.”

“Jirani yupi?” Mpole aliuliza.

“Yule mama uliyezungumza naye.”

Mpole aliandika, herufi zikimpinda. Mwalimu alisubiri hadi kalamu ilipotua. Ndipo akalia, kwa sauti, mikono juu ya meza yangu, na mimi sikujua nimshike wapi.