Chai Kabla ya Ubatizo

Wiki ile nzima vita vyetu havikuwa na shetani. Vilikuwa na chai. Mama mmoja wa Kianda, huko Kibera, upande wa Olympic, alikuwa abatizwe Jumamosi, na kilichomzuia kuingia majini ni sufuria yake mwenyewe, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuuza chai na mandazi, na sisi Wamormoni chai hatunywi. Kahawa pia hatunywi. Ukitaka kujua kwa nini, waulize waliokuwa wakubwa wangu. Mimi nilifundishwa kulieleza jambo hilo huku nikitabasamu, na hadi leo sehemu ninayoikumbuka vizuri ni tabasamu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilivaa shati jeupe, tai, na kibao cheusi kifuani kilichonitambulisha kuwa Mzee fulani. Wamisionari wote wa kiume tunaitwa hivyo, hata yule ambaye ndevu zake bado zinajadiliana kama zitoke. Watu wa Kibera walikisoma kibao hicho na kuangua kicheko. "Mzee, wajukuu wako poa?" Wengine walidhani tumetumwa na shirika, wakauliza tunagawa nini. Tukisema tunagawa habari njema, walitutazama kwa huruma na kuendelea na shughuli zao.

Nami, kwa taarifa yako, nimezaliwa Vihiga, katikati ya majani chai. Karo yangu yote ilitoka kwenye kikapu kilichokuwa mgongoni mwa mama yangu. Yeye hakuwa wa kanisa letu. Mimi ndiye niliyemfuata mjomba. Kila Jumatatu, siku yetu ya kufua nguo na kupiga simu nyumbani, aliniuliza swali lile lile: "Na asubuhi unakunywa nini?" Nikimjibu kwamba nakunywa maji moto, aliniuliza kama ninaumwa. Jumatatu ya wiki ile aliniambia niwasalimie hao watu wangu, na niwakumbushe kwamba kuna watu wanaishi kwa hiyo chai wanayoitukana.

Wamisionari hutembea wawili wawili. Mwenzangu alikuwa mzungu kutoka Utah, mrefu, mwekundu shingoni, mwema kiasi cha kuudhi. Sheria ilisema tusiachane: kila mmoja awe mahali anapoweza kumwona na kumsikia mwenziwe. Aliyeandika sheria hiyo hajawahi kutumia choo cha ploti. Mimi nikiingia, yeye alisimama mlangoni, tai imekazwa, mikono nyuma, na majirani waliokuwa kwenye foleni wakaamini kwamba ndani mna waziri. Kiswahili alikuwa amefundishwa darasani, kisafi kuliko changu, na alimwamkia kila kiumbe shikamoo. Vijana wa Kianda waliokaa kwenye jiwe lao kutwa nzima aliwapa shikamoo mmoja mmoja. Wao walimjibu, "Niaje, mzae," naye akaniuliza kwa unyenyekevu kama hilo ndilo jibu sahihi.

Tulikaa Riruta, na pikipiki tulikatazwa kupanda, kwa hiyo Kibera tulikwenda kwa miguu, kupitia Kawangware, tukifika tumeshaloa jasho na mashati meupe yamekuwa ya rangi nyingine.

Huyo mama hatukumtafuta. Yeye ndiye aliyetutafuta. Siku moja tulipokuwa tukipita mbele ya jiko lake aliviona vibao vyetu, akaita.

"Nyinyi ni watu wa Mungu?"

Mwenzangu akasema ndiyo. Mimi nilikuwa nikitazama mandazi.

"Basi niambieni. Mtoto akikufa kama hajabatizwa, anaenda wapi?"

Mtoto wake alikuwa amekufa kwa homa kabla hajajua hata kutambaa. Kanisa alimokuwa akisali, ambalo sitalitaja, lilikataa kumtuma mtu yeyote makaburini, eti mtoto hajabatizwa, aombewe kama nani? Wakamzika Lang'ata kimya kimya, yeye na baba mtoto na majirani wachache, bila sala. Tangu siku hiyo alikuwa akimuuliza kila mtu aliyebeba Biblia swali hilo, na kila mmoja alimjibu kwa kukohoa.

Mwenzangu alifungua kitabu chetu cha buluu, kile tunachokisoma pamoja na Biblia, akamsomea mahali panaposema kwamba watoto wadogo hawapotei, hawana dhambi, hawahitaji kubatizwa. Mama akaweka upawa chini. Akasema, "Rudia hapo." Akarudia. Wateja wawili waliosubiri chai waliondoka bila kuhudumiwa, naye hakuwaona. Kisha akauliza afanye nini ili awe wa kanisa hilo. Nilisisimka, siwezi kukataa. Kwa miezi nilikuwa nikifungiwa milango, na sasa mtu alikuwa akinifungulia.

Tukamfundisha mambo yote, na mambo yote aliyakubali. Halafu tukafika kwenye chai.

"Kuacha kunywa naweza," alisema Jumanne ya wiki ile. "Lakini kuonja je? Niuzie watu kitu sijui kimekuwaje? Yawa, hiyo si dhambi pia?"

Kuuza hatukuwa na neno nako. Kuonja ndiko kulikotutatiza, maana kuonja ni kunywa kidogo, na hakuna mahali palipoandikwa kidogo ni kiasi gani. Mwenzangu alitafakari, akaomba, akaja na wazo kwamba atafutwe mwonjaji. Sisi wawili hatukufaa kwa sababu zinazoeleweka. Akapatikana mama mboga wa jirani, mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye kwa ulimi wake chai ilikuwa tamu sana hata kabla sukari haijaingia. Asubuhi hiyo nusu ya Kianda ilikunywa chai chungu. Kijana mmoja wa kazi za mjengo alirudisha kikombe akauliza, "Mathe, nimekukosea wapi?"

Jumatano mwenzangu akaja na wazo la pili, na pakiti ya kakao. Kwao, alieleza, watu huipenda sana wakati wa theluji. Mama aliichemsha kwa maziwa kama alivyoelekezwa. Wale vijana wa mjengo, ambao huwa wanapita pale kabla jua halijapata nguvu, walikipokea kinywaji hicho wakakinusa.

"Leo ni birthday ya nani?"

"Mathe, nibebe zege na hii uji ya watoi?"

Wakavuka barabara, wote, wakaenda kwa mshindani wake. Mama alibaki na sufuria nzima ya kakao, na sisi tulisimama pembeni tumevaa vizuri kama watu waliokuja kwenye harusi ya wengine. Nilimuuliza mwenzangu kama kwao hakuna mtu anayefanya kazi ya mikono. Akasema babu yake alikuwa mkulima. Nikamuuliza babu alikunywa nini asubuhi. Akasema maziwa.

Alhamisi mama alirudia chai, na alirudia kuonja. Alichota kidogo kwa upawa, akapuliza, akafumba macho, akaongeza tangawizi. Sisi tukageuka tukatazama ukuta, ili tusiwe mashahidi. Tulipokuwa tukitoka kupitia Makina, mzee mmoja Mwislamu wa duka la vitambaa, ambaye alizoea kutuona, alituuliza mbona tumenuna. Nilimweleza. Alicheka hadi akashika meza. "Sisi tunafunga mwezi, halafu tunafuturu," alisema. "Nyinyi chai mmeifunga mpaka kiyama?"

Ijumaa ilikuwa siku ya mahojiano. Kabla ya kubatizwa, mtu huulizwa maswali na kiongozi wa wamisionari, na kiongozi wetu alikuwa kijana wa Kampala aliyetuzidi umri kwa mwaka mmoja au miwili, Mzee naye, mwenye sauti ya mkurugenzi. Mama alikuja kanisani Kawangware amevaa gauni alilolipiga pasi mpaka likang'aa. Wakaingia chumba chenye mlango wa kioo. Sisi tulikaa nje tukitazama midomo ikicheza. Mwenzangu alikuwa ameshafungua mabomba ya kisima cha ubatizo, maana kinachukua muda kujaa.

Walitoka mapema. Kiongozi akasema kwa upole kwamba Jumamosi haitawezekana. Dada atahitaji muda zaidi.

"Ameniuliza kama nimeacha chai," mama akasema. "Nikamwambia leo asubuhi nimeonja mara tatu. Nikianza kwa Mungu na uongo, nitamalizia wapi?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia kiongozi, nikamkasirikia mwenzangu na kakao yake, na zaidi ya wote nilimkasirikia aliyeketi mahali pa mbali akaandika sheria bila kujua kuna mwanamke ataisoma akiwa na upawa mkononi. Angejibu tu ndiyo, kama wanavyojibu wengi, kesho angekuwa majini. Mwenzangu alikuwa ameanza kulia, hadharani, mzungu mzima.

Mama hakulia. Alimgeukia kiongozi.

"Na mtoto wangu?"

"Mtoto hana shida, mama. Watoto wote wako salama."

"Hata kama mama yake anaonja chai?"

Kiongozi alirekebisha tai yake. Nilimtazama kwa jicho ambalo mmisionari hatakiwi kuwa nalo.

"Hata hivyo," akasema.

"Asante." Akafunga leso vizuri. "Mimi nilikuja kuuliza hiyo. Ubatizo mlileta nyinyi."

Kisha akampa mwenzangu kitambaa ajifute, akamwambia anyamaze, atapata mtu mwingine wa kubatiza.

Jumamosi waumini walifika hata hivyo, kwa sababu habari ya kuahirishwa haikuwafikia na ya biskuti iliwafikia. Walikula, wakaimba wimbo mmoja, wakakisifu kisima. Mimi na mwenzangu tulizibua maji tukayatazama yakizunguka na kushuka.

Kabla hatujatoka simu ikaita. Alikuwa yule mama wa chai. Alitaka twende kwake Kianda Jumapili baada ya ibada, kama tunaruhusiwa. Nilimuuliza kama amebadili mawazo kuhusu chai.

"Wacha chai, mwanangu. Nataka mje mniombee mtoto. Hiyo sala alinyimwa."

Hatukuwa na somo la jambo hilo. Mwenzangu alitaka kumpigia kiongozi aombe ruhusa, nikamwambia akipiga tu mimi mwenyewe nitamnywesha kikombe cha chai ya rangi, mbele ya askofu wetu. Akairudisha simu mfukoni. Badala yake aliniomba nimuulize mama jina la mtoto na linavyotamkwa, kwa kuwa lilikuwa jina la Kijaluo na alijua ulimi wake. Njia nzima kutoka kanisani alikuwa akilifanyia mazoezi, akilikosea, akianza upya, watu wa Kawangware wakimpisha.

Chumba kilikuwa kimejaa. Baba mtoto, aliyetukwepa wiki zote hizo, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda kofia mkononi. Mama mboga alikuwepo, na hata wawili kati ya wale vijana wa mjengo. Chai ilipitishwa kwa wote. Sisi wawili tuliwekewa maji ya moto yenye tangawizi, bila mtu kutoa neno. Kisha mama akatuambia tuanze.

Mwenzangu alisimama. Aliomba kwa Kiswahili chake cha darasani, polepole, kila neno limevaa viatu. Alimwambia Mungu kwamba tumekuja kwa ajili ya mtoto fulani, mwana wa fulani na fulani, aliyeishi hapa Kianda. Jina alilitamka sawasawa. Nilifungua jicho moja nikamwona baba mtoto ameinamia kofia yake.

"Rudia jina," mama akasema katikati ya sala.

Mwenzangu akalirudia.

"Tena."

Akalirudia tena, na safari hii chumba kizima kikalisema pamoja naye.