Kijiti cha Mninga cha Fundi Twalibu

Mume wangu Twalibu alikuwa fundi wa magari hapa Tabora, mtaa wa Gongoni, na kwa miaka ishirini na miwili ya kwanza ya ndoa sikuwahi kumsikia akisema "nimekosea." Chai ikimwagika, kikombe ndicho kibaya. Nikimsema ananijibu, "Mama Swaumu, kelele zako." Haya, kelele zangu.

Mwaka wa themanini na moja hakukuwa na kitu. Sabuni foleni, sukari foleni, na spea za magari ndiyo usiseme. Mafundi wakawa wanaziba tu: kifaa kikifa na kingine hakuna, unaziba tundu, gari linatembea, mwenyewe anakushukuru. Twalibu alichonga vijiti vya mninga kwa kazi hiyo, na alikuwa akijivunia kweli.

Wakati huo binti yetu Swaumu, aliyeolewa Choma, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza binti huja kujifungulia kwa mama yake. Basi la huko lilikuwa bovu tangu masika, na treni haifiki. Bwana Fakhrudin, mwenye duka la vitambaa, akatuahidi Pijo lake la zamani, lile la injekta, lisilo na kabureta. Tatizo lilikuwa linamwaga oili kila mahali, Choma lisingefika. Twalibu akabadilisha sili, ile mipira inayozuia oili, mara mbili, oili ikamwagika vilevile.

"Gari lenyewe bovu," akasema.

Zikabaki wiki tatu Swaumu ajifungue. Akapanda treni kwenda Bukene kwa Mzee Akbar, aliyekuwa akinunua magari yaliyokufa na kuyatoa spea. Mzee hakuhangaika na sili. Aliuliza tu, "Valvu ya pumzi ipo?"

Hicho ni kidude kinachorudisha moshi wa injini ukachomwe tena, usitoke nje. Twalibu akakumbuka. Kilikufa miaka miwili nyuma, akakitupa, akaziba mpira wake kwa kijiti. Kumbe moshi ulikosa njia, ukawa unaisukuma oili itoke. Na kijiti ukikitoa bila kuweka valvu, gari linakohoa, haliendi.

Mzee Akbar alikuwa nayo moja, nzima. Lakini sharti lake lilijulikana reli nzima: lete kibovu, chukua kizima. Hakutaka watu wakusanye spea wauze kwa magendo. Kila kibovu alikitundika ukutani pamoja na jina la fundi aliyekileta.

"Ya zamani niliitupa, Mzee."

"Basi lete kilichokaa mahali pake."

Twalibu akarudi nyumbani, akakaa barazani, ugali hakuugusa. Nilimbana mpaka akanieleza yote.

"Nikikipeleka, mafundi wote watasoma jina langu pale. Watanicheka mpaka Mwanza."

Nilichemka. "Na wakucheke! Mwanangu azalie porini kwa ajili ya kijiti?" Nikalia mbele yake, wala sikuona haya.

Asubuhi akaenda kwa Bwana Fakhrudin, nami nikamfuata nyuma.

"Shikamoo, Bwana Fakhrudin."

"Marahaba, fundi. Umepata?"

Twalibu akafungua boneti, akakivuta kijiti kwa koleo, kimejaa masizi, akakiweka kiganjani mwa Bwana Fakhrudin. "Gari lako halina ubaya," akasema. "Nililiziba mimi. Nimekosea."

Neno hilo nililingoja miaka yote hiyo, nikidhani siku nikilisikia nitacheka. Wapi! Nilimwonea huruma, nikatamani nimfunike kwa kanga yangu.

"Miaka miwili nawatukana wauza oili wa watu!" akasema Bwana Fakhrudin. Kisha akamrudishia kijiti. "Nenda Bukene, fundi. Treni haitakusubiri."

Valvu ikaja, ikafungwa, hata tone moja la oili halikuanguka. Swaumu tukamleta, na baada ya siku tisa akajifungua chumbani kwangu, mtoto wa kike, mzima. Mafundi walimcheka Twalibu kweli. Walimwita Bwana Kijiti hadi alipokufa.

Mwaka uliofuata baada ya kumzika, nilishuka Bukene kwa shughuli zangu, nikapita kwa Mzee Akbar. Kijiti kilikuwepo ukutani: Twalibu, Gongoni, Tabora. Pembeni yake vilining'inia vijiti vingine, nikahesabu kumi na vinne, kila kimoja na jina. Nikayasoma. Wengi walikuwa walewale waliomwita Bwana Kijiti.

"Walianza kuvileta baada ya mumeo," akasema Mzee Akbar. "Kabla yake walileta vifaa vibovu tu; kijiti hakuna aliyethubutu."

Nikamwomba anipe kile cha Twalibu nikiweke nyumbani. Akakataa. Alisema kikiondoka, wengine wataacha kuleta vyao.