Malkia Niliyemfungia Mlango

Siku ya kwanza kazini, kwenye kituo cha nyuki huko juu Kinole, sikuulizwa cheti. Bwana Nyuki, ndivyo tulivyomwita ofisa wetu, mtu wa Tabora, alinionyesha mizinga kumi na miwili akaniambia kila mmoja una namba. Mimi niliishia darasa la pili, namba zinanipotea. Nikaipa majina ya kike, maana mzinga ni wa malkia, mama wa nyuki wote waliomo. Mpaka leo naitaja yote.

Msimu ule tulikuwa na malkia wachanga wawili, Zainabu na Mwanaidi. Malkia mchanga huruka nje kukutana na nyuki dume, tena si mmoja. Hutoka leo, akatoka kesho, na safari moja huweza kumpa mbegu za dume mmoja tu, nyingine za madume kadhaa, akazihifadhi tumboni zimtoshe maisha yake yote. Akishaanza kutaga, hatoki tena kuwatafuta.

Zainabu alirudi safari ya kwanza ana uzi mweupe mkiani, alama ya dume. Bwana Nyuki aliogopa asije akaliwa na ndege.

"Ameshaolewa huyu. Funga waya mlangoni, nyuki vibarua wapite, yeye abaki."

"Bwana Nyuki, mbona bado anauhangaikia mlango?"

"Mwanamke akishaolewa hutulia, Mama Pili."

"Labda huko kwenu Tabora."

Mwenzangu Mwantumu alicheka mpaka akaangusha bomba la kufukizia nyuki moshi. Bwana Nyuki naye alicheka, ila neno lake hakulibadili. Nilikuwa na mwezi mmoja kazini na watoto watatu nyumbani. Nikafunga. Kwa Mwanaidi waya haukutosha, akaendelea kutoka.

Baridi ya mwezi wa saba ikashuka na ukungu wake. Kwa Mwanaidi, mama mmoja, baba wengi, mabinti walikuja na hulka mbalimbali. Wengine waliwahi kuwapasha joto majana, yaani watoto wa nyuki. Wengine walinusa ugonjwa, wakawatoa wagonjwa kabla hawajaambukiza wenzao. Kwa Zainabu, mabinti karibu wote wa baba mmoja, walichelewa pamoja kuwapasha majana joto. Ugonjwa ulipoingia, hakuna aliyeunusa.

Nikaenda kuukata ule waya. Zainabu alipita kando ya mlango ulio wazi, akarudi kutaga kwenye vyumba vinavyonuka.

Mzinga wenye ugonjwa ule huchomwa. Bwana Nyuki alishika kiberiti, akakaa nacho.

"Mama Pili, wewe uliniambia."

"Nilikuambia mara moja tu."

Nikakichukua kiberiti mkononi mwake, nikawasha mwenyewe. Tangu hapo, malkia mchanga akitoka, Bwana Nyuki alikaa mbali kwenye majani akimsubiri, hata siku nne, bila kugusa mlango.

Sasa nipo Bigwa, magoti yamekataa mlima. Wajukuu wanashangaa jike kuwa na madume wengi. Mimi Mluguru, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, sikuwahi kushangaa. Jua likiwaka vizuri, dume la nyuki hupita juu ya bati na sauti yake nzito, likielekea mlimani, nami naacha kuchambua mboga. Natamani Kinole, natamani kicheko cha Mwantumu. Zaidi natamani asubuhi ile ya waya irudi, Bwana Nyuki asimame pale pale, nimwambie mara ya pili, na ya tatu.