Siku ya Mashujaa katika Jiko la Rusayl

Mama alianza kusahau mwaka jana, na hiyo ndiyo sababu tulisafiri. Kila Siku ya Mashujaa, sikukuu ya Kenya ya Oktoba ishirini, nyumbani kwetu Nakuru, yeye hutuketisha sebuleni na kutusimulia jinsi baba yetu alivyokamatwa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alisimama kwenye mkutano wa walimu akauliza mwenzao aliyechukuliwa na polisi yuko wapi, naye akachukuliwa, akawekwa kizuizini miaka miwili bila kufikishwa mahakamani. Mama husimulia yote, kuanzia hodi ya alfajiri hadi siku baba aliporudi amekonda, kisha tunakula. Hajawahi kusimulia kwa simu, kwa sababu haamini kwamba simu husikilizwa na mtu mmoja tu. Kwa hiyo dada yangu Muthoni, anayefanya kazi Maskati, alikuwa hajayasikia masimulizi hayo kwa miaka sita. Mwaka huu daktari aliniambia kama kuna jambo tunataka Mama atuambie, tusikawie. Muthoni akatushughulikia viza, nami nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha.

Ijumaa mchana tuliondoka Nakuru. Tulipofika Naivasha Mama akaniuliza, "Kamau, tunampelekea baba yako chakula?"

"Hapana, Mama. Tunaenda kwa Muthoni."

"Anajua tunakuja?"

"Anajua."

Aliuliza hivyo mara tatu kabla ya Limuru. Kila mara nilijibu kwa sauti ile ile, lakini nilikuwa nikiwaza kwamba huenda tunambeba hadi ng'ambo, halafu siku yenyewe ifike awe hana la kusimulia.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya uhamiaji, uwanja wa ndege wa Maskati. Afisa alikuwa kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Akauliza kwa Kiingereza tumekuja kufanya nini. Kabla sijafungua kinywa, Mama alinishika mkono wa shati akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "Tumekuja kumwona mfungwa. Nina kibali."

Afisa aliinua macho kutoka kwenye pasipoti.

"Mfungwa gani, bi mkubwa?" Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja.

Nikadakia, "Afisa, mama yangu ana ugonjwa wa kusahau. Baba ndiye aliyefungwa, zamani, kwetu Kenya. Alishafariki. Tumekuja kumtembelea dada yangu."

Afisa alimwita mwenzake mtu mzima, wakazungumza Kiarabu huku wakitazama skrini, kisha akaniomba namba ya Muthoni. Alipiga, simu ikaita hadi ikakatika. Watu nyuma yetu walihamia foleni nyingine. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ameikunja mbele, na nikatambua kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akisimama kwenye lango la kizuizini. Afisa alipiga tena. Muthoni akapokea, wakaongea kidogo, na muhuri ukagongwa.

"Bibi yangu naye ni hivyo hivyo," afisa alisema akinirudishia pasipoti. "Kila asubuhi anataka kurudi Unguja akapike. Mshike mkono, usimwache."

Jumapili tulishinda mtaa wa Wadi Kabir, humo humo Maskati, kwenye chumba cha Muthoni, juu ya gereji ambapo mafundi wanagonga mabati tangu asubuhi. Kila nyundo iliposhuka Mama alitazama mlango. Muthoni ni msimamizi wa jiko linalopikia wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko Rusayl. Kwa kuwa Siku ya Mashujaa si sikukuu Omani, alikuwa ameomba kupumzika Jumatatu, na alikuwa amekubaliwa. Saa kumi jioni alipigiwa simu kutoka jikoni: mpishi mmoja ameugua, ruhusa imefutwa.

"Na Jumanne?" nikamuuliza.

"Jumanne utamwambia nini Mama? Yeye siku anaijua. Mengine yanampotea, hiyo haijampotea. Na kesho nikirudi usiku atakuwa amelala." Alikaa kitandani, simu mkononi. Kisha akampigia mwenye jiko, Bi Zuwena, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Zanzibar, akamweleza kila kitu. Bi Zuwena alimsikiliza hadi mwisho.

"Amesema nimlete Mama kazini," Muthoni akaniambia.

Jumatatu saa sita mchana teksi ilitufikisha Rusayl, kwenye barabara pana za maghala na malori, jua kali na kivuli hakuna. Bi Zuwena alitupokea mlangoni, akamwamkia Mama shikamoo.

"Mie nna watu mia tatu wa kulisha," alituambia. "Wakishamaliza, saa nane, ofisi yangu ni yenu mpaka saa tisa. Zaidi ya hapo siwezi."

Tulingoja. Kufikia saa nane Mama alikuwa amechoka, na alikuwa ameshaniuliza mara mbili hapa ni wapi. Muthoni aliingia anajifuta mikono, akaketi miguuni pake. Bi Zuwena akaweka halua na kahawa mezani, akashika kitasa atoke.

"Usiufunge," Mama akasema.

"Sifungi, mama. Nnauacha wazi."

Mama akatazama mlango ule ulioachwa wazi, akaanza. Alianza na hodi ya alfajiri. Sauti ilikuwa dhaifu lakini maneno yalikuja kwa mpangilio wake: viatu vya askari, vitabu vilivyobebwa kwenye gunia, vyakula alivyopeleka langoni akarudishwa navyo. Wasiwasi ulianza kunitoka. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Wakaniletea barua, imeandikwa tayari. Inasema mume wangu ni adui wa nchi na mimi simtaki tena. Nikitia sahihi, kazi yangu inabaki, na watoto hawafukuzwi shule. Nikatia."

Nilidhani ni ugonjwa. "Mama, hiyo haikuwapo."

"Ilikuwapo," alisema Muthoni. Alikuwa ameinamisha uso. "Baba aliniambia nilipokuwa nikimuuguza. Walimwonyesha huko ndani ili wamvunje moyo. Alisema alilala vizuri siku hiyo, kwa kuwa alijua tunakula."

Mama alimgeukia polepole. "Alisema alilala vizuri?"

"Ndiyo, Mama."

"Hakuniambia. Wala mimi sikumwambia. Nilidhani amekufa bila kujua."

Saa tisa kasoro Bi Zuwena alibisha, ingawa mlango ulikuwa wazi, akatuletea sinia la wali na samaki. Tulikula haraka, sote watatu kwenye sinia moja, na Muthoni akarudi kwenye masufuria yake.

Alhamisi tulipanda ndege ya kurudi. Nilikuwa nimekaa na jambo hilo siku tatu. Wanafunzi wangu nimewafundisha mashujaa wasioinama, na kumbe nimelelewa na mwanamke aliyetia sahihi, akaficha aibu hiyo maisha yake yote. Mwakani nitasimulia mimi, na barua nitaisema, maana yeye pia ni sehemu ya siku hiyo.

Juu ya mawingu nilimuuliza kama anakumbuka alichotuambia Rusayl. Alinitazama kwa wasiwasi, akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Baba aliiona barua. Alisema alilala vizuri siku hiyo."

Aliniangalia, mkono umeziba mdomo. "Alisema hivyo?"

"Alisema."

Alitazama dirishani muda mrefu akitabasamu, hadi habari hiyo ikamtoka akilini. Nikamwambia tena. Kabla ya kutua Nairobi nilikuwa nimemwambia mara nne, na kila mara alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.