Nafasi ya Jina la Babu

Programu ile niliiandika mwenyewe, na nilivimba kichwa kwa ajili yake. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimetoka kusoma kompyuta Dar es Salaam, nikaajiriwa Kayanga, karibu na mpaka, kwenye ofisi ndogo iliyosaidia familia zilizopotezana wakati wa ukimbizi. Mtu alikaa mbele yangu, nikamuuliza maswali na kujaza fomu kwenye tovuti yetu. Laini ya simu ikikubali, fomu ilikwenda hadi kwenye seva Dar. Huko programu yangu iliipokea, ikaikagua, ikaihifadhi, kisha ikailinganisha na orodha za watoto waliookotwa njiani.

Kwa kuwa watoto wengi wa huku hawabebi jina la baba, kila mmoja ana lake, niliongeza nafasi ya jina la babu mzaa baba ili tusiwachanganye. Fomu yenye nafasi tupu niliiamuru programu iitupe. Sikutaka uchafu kwenye kazi yangu.

Siku moja alikuja mama kutoka Chonyonyo, kwa miguu. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa. Alipovuka mpaka alikuwa na binti wa miaka sita, wakapotezana kwenye msongamano wa watu. Alijibu yote bila kusita: jina la mtoto, jina la baba yake, kovu chini ya goti la kushoto. Nilipouliza la babu, akainamisha kichwa.

"Hilo silitaji, mwanangu. Ni baba mkwe."

Sikuhitaji kuelezwa. Mama yangu aliolewa Muleba akazeekea huko, na sikuwahi kumsikia akilitamka jina la babu yangu. Hata jirani aliyekuwa na jina hilohilo, mama alimwita kwa jina la mwanawe. Kwa hiyo sikumlazimisha. Niliiacha nafasi tupu, nikatuma. Ukurasa ukaandika: Asante, taarifa zako zimepokelewa. Nikamsomea, akapiga magoti na kunishika mikono yote miwili.

Alirudi kila siku ya gulio, karibu mwaka mzima. Mara nyingine aliniletea kahawa za kutafuna, kazifunga kwenye kipande cha jani la mgomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine imesemaje?"

"Bado. Tuvute subira."

Mimi huyo, namwambia mtu avute subira!

Kisha mwenzangu wa Dar akapiga simu. Alikuwa anapitia kumbukumbu, akataka kujua kwa nini Kayanga hakuna mama hata mmoja anayetafuta mtoto. Aliona akina baba na mashangazi tu. Nilicheka, nikamwambia nimewajazia akina mama wengi kwa mikono yangu mwenyewe. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Niliifungua programu, nikaikuta amri yangu niliyokuwa nimeisahau. Mstari wa kushukuru nilikuwa nimeuweka juu ya mstari wa kukagua. Akina mama wote tuliwashukuru kwanza, halafu tukawatupa, na mimi nilijua tangu utotoni kwamba mke hataji jina la baba mkwe. Nilijichukia siku ile, na sijamaliza.

Nilirekebisha mchana huohuo. Fomu ya mama wa Chonyonyo niliijaza upya, maana majibu yake nilikuwa nayo kichwani. Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Binti mwenye jina hilo na kovu hilo alikuwa amekaa kwenye kituo cha watoto, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka ofisini kwetu. Miezi miwili nyuma alivushwa mpaka, kurudishwa walikotoka, pamoja na watoto ambao hakuna aliyewaulizia. Orodha ya safari ile haikuonekana tena.

Siku ya gulio nilimweleza yote, na kosa langu pia. Nilitaka anitukane. Alikunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Ungeniambia mashine inalitaka lile jina," akasema, "unadhani nisingelisema?"

Akanyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Andika."

Nilimwambia sasa halihitajiki, nimeshaondoa sharti lile.

"Andika, mwanangu."

Akalitaja polepole, kisha akafunika mdomo kwa kanga, na machozi yakamtoka. Niliandika herufi moja baada ya nyingine, nikatuma. Nilipohama Kayanga mwaka uliofuata, jibu lilikuwa halijaja.